Pua ya Elektroniki na Upokeaji wa Mazao Vyamani

Kila alfajiri, kabla jua halijachomoza vyema, karani wa kituo cha kukusanyia maziwa hufanya kazi ambayo kwa kawaida haiandikwi katika daftari la chama. Hufunua kifuniko cha chombo kilicholetwa na mwanachama, huinamisha kichwa, na kunusa. Katika muda wa pumzi mbili au tatu huamuliwa kama maziwa hayo yatamiminwa tangini pamoja na ya wenzake, au yatarudi nyumbani yalikotoka. Laktomita na jaribio la alkoholi hufuata baadaye. Pua ndiyo hutangulia.

Desturi hiyo ina sababu ya haki. Chombo kimoja cha maziwa yaliyoanza kuchacha chaweza kuharibu tangi zima, na hasara ya tangi huwaangukia wanachama wote, pamoja na wale waliokamua kwa usafi na kufika mapema. Lakini desturi hiyo hiyo ndiyo chanzo cha manung'uniko mengi katika mikutano ya vyama. Harufu haina risiti. Mwanachama aliyerudishiwa lita kumi za maziwa hana cha kuonyeshwa, na karani hana cha kuonyesha. Mmoja asema yananuka, mwingine asema hayanuki, na mara nyingine jambo huishia kwa kuulizana ni nani ndugu wa nani.

Kwa hiyo habari za chombo kiitwacho pua ya elektroniki hazina budi kuvuta masikio ya makatibu na wanachama. Chombo hicho hutangazwa kuwa hunusa maziwa, samaki, kahawa, chai na nafaka, kisha hutoa jibu kwa tarakimu, bila upendeleo na bila mafua. Sehemu ya maneno hayo ni kweli. Sehemu nyingine ni maneno ya sokoni. Inafaa vyama vitofautishe sehemu hizo mbili kabla fedha za wanachama hazijatolewa.

Harufu ni chembe ndogo mno, ziitwazo molekuli, zinazoruka kutoka katika kitu na kuchukuliwa na hewa. Kitu kisichotoa chembe za namna hiyo hakina harufu, hata kama ni sumu. Ndani ya pua ya binadamu mna vipokezi vya aina zipatazo 400. Wanasayansi Linda Buck na Richard Axel wa Marekani, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 2004 kwa utafiti wao juu ya jambo hilo, walionyesha jinsi vipokezi hivyo vinavyopangwa. Hakuna kipokezi kimoja cha maziwa yaliyochacha na kingine cha samaki aliyeoza. Kila harufu huamsha vipokezi kadhaa, vingine kwa nguvu na vingine kidogo, nao ubongo hutambua mpangilio mzima, kama vile mtu anavyoutambua uso wa jirani bila kuhesabu pua, macho na masikio yake.

Pua ya elektroniki huiga utaratibu huo. Mwanzo wake ulikuwa mnyonge. Katika miaka ya 1960 Mjapani Naoyoshi Taguchi alitengeneza kihisi cha kutambua gesi iliyovuja majumbani, ili watu wasiungue wala kulipukiwa. Kihisi hicho kilikuwa na kasoro moja: hakikuchagua. Kiliamshwa na gesi ya kupikia, na pia na mvuke wa pombe, na hata na moshi. Mwaka 1982 Krishna Persaud na George Dodd wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walieleza katika jarida la Nature jinsi kasoro hiyo ilivyoweza kugeuzwa kuwa faida. Walivitumia vihisi vitatu vya aina hiyo kwa pamoja. Kwa kuwa kila kimoja kiliitikia kwa kiasi chake, waliweza kutenganisha harufu nyingi kwa kulinganisha majibu ya vyote vitatu.

Kihisi cha namna hiyo ni kipande kidogo kilichopakwa oksidi ya bati, nacho hupashwa moto na umeme mpaka kufikia kiasi cha nyuzi 300 za sentigredi. Katika joto hilo oksijeni ya hewani hunata juu ya oksidi na kuzishika elektroni zake, hivyo umeme hupita kwa shida. Ikiletwa hewa yenye mvuke wa alkoholi, au gesi nyingine iliyo tayari kuungana na oksijeni, ile oksijeni iliyonata huondolewa, elektroni huachiliwa, na umeme hupita kwa wepesi zaidi. Badiliko hilo ndilo linalopimwa. Vipo vihisi vya aina nyingine, vikiwamo vya plastiki inayopitisha umeme na vya kipande cha fuwele kinachotikisika, ambacho mtikisiko wake hupungua kasi kinapobeba uzito wa molekuli zilizonata juu yake.

Kila kihisi peke yake ni shahidi dhaifu. Mmoja aona kanzu nyeupe tu, mwingine asikia sauti tu, wa tatu ajua kwamba mtu yule alikuwa akichechemea. Baraza likiwasikiliza wote pamoja laweza kumtaja mtu, ingawa hakuna shahidi hata mmoja aliyemwona usoni. Chombo huwa na mashahidi kama hao wanane, kumi, au hata zaidi ya thelathini, na kompyuta ndiyo baraza.

Lakini baraza hilo halimjui mtu yeyote mpaka liwe limeonyeshwa kwanza. Pua ya elektroniki haitoki kiwandani ikiwa na ujuzi wa maziwa wala wa kahawa. Ni lazima inusishwe sampuli nyingi ambazo ubora wake umekwisha kuamuliwa kwa njia nyingine: maabara iliyohesabu bakteria, au waonjaji wenye uzoefu walioonja na kuandika. Ikinusishwa sampuli mia mbili za maziwa mazuri na mia mbili ya yaliyochacha, hujifunza kutenganisha hayo mawili. Ikiletewa baadaye maziwa yenye harufu ya vitunguu kwa sababu ng'ombe alikula magugu, haitakuwa na la kusema, au, jambo lililo baya zaidi, italisema la uongo kwa tarakimu zilizo safi kabisa. Na kama waliozipanga sampuli zile za kwanza walikosea au walipendelea, chombo kitakosea na kupendelea vivyo hivyo, tena bila kuchoka.

Mahali ambapo pua hiyo imeonyesha manufaa makubwa ni pale kazi inapokuwa ileile, ya kitu kilekile, katika nyumba ileile, kila siku. Mfano mzuri ni chai. Majani ya chai nyeusi yakisha kusagwa huachwa kwa muda ili yabadilike rangi na harufu kwa kuungana na oksijeni. Viwandani hatua hiyo huitwa uchachushaji, ingawa hamira haihusiki. Majani yakitolewa mapema, chai huwa kali na yenye ladha ya unyasi; yakichelewa, huwa butu. Zamani mpishi wa chai alitegemea jicho na pua yake. Katika miaka ya 2000 wataalamu wa kituo cha C-DAC mjini Kolkata, India, walitengeneza pua ya elektroniki inayofuatilia harufu ya majani hayo dakika baada ya dakika, na kuonyesha wakati harufu inapofikia kilele. Hapo chombo hakiulizwi maswali mia. Huulizwa swali moja tu, nalo lina jibu. Wakulima wadogo wa chai, ambao nchini Kenya ndio wenye hisa za viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, wataona mara moja kwa nini swali hilo lina thamani: majani ya asubuhi nzima ya wanachama huwa mikononi mwa mtu mmoja aliyesimama kando ya mashine.

Samaki hutoa funzo la upande wa pili. Harufu inayojulikana ya samaki wa baharini aliyeanza kuharibika hutokana hasa na trimethilamini, ambayo bakteria huitengeneza kutoka katika kitu kilichomo mwilini mwa samaki huyo. Vihisi huitambua vizuri, na majaribio mengi yaliyofanywa Ulaya yalikuwa ya samaki wa bahari za baridi. Sangara wa Ziwa Viktoria aliyehifadhiwa katika barafu huharibiwa zaidi na bakteria wa namna nyingine, ambao harufu yao huelekea zaidi ya matunda yaliyooza na ya salfa. Chombo kilichofundishwa kwa samaki wa Norway kikiletwa Mwanza au Kisumu kitakuwa kama mgeni aliyejifunza lugha nyingine: husikia sauti, haelewi maneno. Chama cha wavuvi kinachouziwa chombo kilichokwisha kufundishwa hakina budi kuuliza kilifundishwa kwa samaki gani, wa maji gani.

Kwenye kahawa jambo ni gumu zaidi, nalo lastahili maelezo marefu kidogo, kwa kuwa bei yote ya mwanachama hutegemea kikombe. Waonjaji wa Moshi, yaliko makao ya Bodi ya Kahawa ya Tanzania, na wenzao wa Nairobi, hunusa unga mkavu, hunusa tena baada ya kumwagia maji ya moto, kisha hufyonza kwa kijiko. Utaratibu unaotumika sana duniani huweka vikombe vitano vya sampuli moja, wala si kimoja. Sababu ni kwamba kasoro huenda ikawa katika kikombe kimoja tu. Hilo lajulikana vizuri nchini Rwanda na Burundi, ambako kahawa iliyo nzuri kwa kila njia yaweza kutoa kikombe chenye harufu ya kiazi kibichi. Harufu hiyo hutokana na kemikali ya jamii ya pirazini, na wadudu wa antestia wanaofyonza matunda ya mbuni wamehusishwa nayo. Punje moja yatosha kuharibu kikombe, nayo punje hiyo kwa macho yaweza kuonekana safi. Pua ya elektroniki iliyowekwa juu ya mdomo wa gunia haiwezi kuipata punje moja kati ya maelfu, sawasawa na vile mtu asivyoweza. Hapo shida ni uchukuaji wa sampuli, wala ukali wa pua hauiondoi. Chombo kizuri kikipewa sampuli mbaya hutoa jibu baya.

Hata hivyo, ipo kasoro ya kahawa ambayo pua ya elektroniki yaweza kuisaidia, nayo ni kahawa iliyokaa mno katika tangi la kuvundikia. Mvuke wake una alkoholi na asidi kwa wingi, vitu ambavyo vihisi vya oksidi ya bati hugutuka kwavyo upesi. Katika kiwanda cha kumenyea kahawa, kazi hiyo yafanana na ile ya chai: tangi ni lilelile, swali ni lilelile.

Sasa nafaka. Mahindi na karanga zilizoota ukungu hutoa harufu ya uvundo na ya udongo, ambazo pua ya mtu huzitambua hata zikiwa kidogo sana hewani. Pua ya elektroniki nayo imeonyesha katika majaribio kwamba yaweza kutenganisha nafaka yenye ukungu na isiyo nao. Kutokana na hayo huzuka usemi kwamba chombo hicho hunusa sumukuvu. Usemi huo ni wa hatari. Aflatoksini, ambayo ndiyo sumukuvu kubwa ya mahindi na karanga, hairuki hewani na haina harufu. Kinachonuswa ni pumzi ya ukungu, wala si sumu yenyewe. Kuna kuvu wasiotoa sumu hiyo, na kuna nafaka ambayo ukungu wake umekwisha kufa, ikapepetwa, ikaanikwa upya na kupoteza harufu yote, huku sumu imebaki ndani ya punje. Kuchemsha ugali hakuiondoi.

Jambo hili si la vitabuni. Mwaka 2004, katika Mkoa wa Mashariki wa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliripotiwa kuugua kwa sumu hiyo, na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 watu walifariki kwa sababu hiyohiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa mahindi katika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote katika kilo moja, na 5 za ile aina ya B1. Ili kiasi hicho kieleweke, ni sawa na gramu moja tu iliyotawanyika katika magunia 1,000 ya kilo 100 kila moja. Hakuna pua, ya nyama wala ya elektroniki, iwezayo kuidhinisha kwamba mahindi yako chini ya kiwango hicho. Kazi hiyo ni ya kipimo cha kemikali, kikiwamo kile cha ukanda mdogo wa karatasi kinachoweza kufanyiwa ghalani, na hutanguliwa na kipima unyevu, kwa kuwa mahindi yasiyozidi unyevu wa asilimia 13.5 hayampi kuvu nafasi ya kukua. Chama cha nafaka chenye fedha za kununua chombo kimoja tu kinunue kipima unyevu.

Kwa upande wa maziwa pia yapo mambo ambayo harufu haiyafikii. Maji yaliyoongezwa hayanuki; laktomita ndiyo huyafichua. Mabaki ya dawa aliyodungwa ng'ombe hayanuki. Basi pua ya elektroniki haiondoi vipimo vilivyopo. Hujiunga navyo, tena kwa kazi moja ya kuchuja yaliyochacha na yenye harufu ngeni.

Tena mazingira ya kituo si ya maabara. Vihisi huhitaji umeme usiokatika na muda wa kupata moto kabla ya kazi. Unyevu wa hewa huvibadilisha, na asubuhi ya masika si sawa na asubuhi ya kiangazi. Jaribio la alkoholi, linalofanywa kwa kuchanganya maziwa na alkoholi ya asilimia 68 kwa vipimo sawa, likifanywa kando ya chombo hicho litakilevya kabisa. Itabidi viwekwe mbalimbali. Moshi wa kuni kutoka jiko la jirani, mafuta ya taa, na vibuyu vilivyofukizwa, vyote vitaonekana na chombo kama kasoro ya maziwa. Mvuke wa silikoni, utokao katika baadhi ya gundi na vilainishi, huviua vihisi vya oksidi ya bati. Hata bila ya mikasa hiyo vihisi huzeeka, na jibu la mwaka huu huachana polepole na la mwaka jana. Anayesema kwamba chombo hakihitaji kusahihishwa mara kwa mara kwa sampuli zinazojulikana, ama hakijui chombo, ama hawajui wanunuzi.

Kuhusu bei, tofauti ni kubwa mno. Kihisi kimoja cha kawaida hupatikana kwa bei ya kilo chache za sukari, na wanafunzi wa ufundi huviunganisha kadhaa na kompyuta ndogo. Mitambo kamili ya maabara huuzwa kwa bei ya gari, au zaidi. Gharama isiyotajwa katika matangazo ni ile ya kufundisha: mamia ya sampuli, ada za maabara, na miezi ya kazi ya karani makini.

Hapo ndipo daftari linapoingia. Chama ambacho leo kinaandika, kwa kila maziwa yaliyokataliwa, namba ya mwanachama, saa, aina ya harufu iliyosikika, matokeo ya alkoholi na laktomita, na saini za pande mbili, kinakusanya mafundisho ambayo chombo cho chote kitayahitaji kesho. Kisichoandika hakina cha kukifundishia. Kumbukumbu hizo ni mali ya chama. Iwapo kampuni inataka kuzitumia kufundishia chombo chake, halmashauri iweke jambo hilo katika mkataba, kwani si haki wanachama watoe ujuzi bure kisha wauziwe.

Daftari hilo lina faida hata kama chombo hakitanunuliwa kamwe. Mwanachama aliyeonyeshwa matokeo ya jaribio la pili huondoka na jibu, hata kama hakulipenda. Pua ya elektroniki nayo, ikija, isipewe mamlaka ya kukataa. Itoe shaka tu. Maziwa yaliyotiliwa shaka yafanyiwe jaribio la alkoholi mbele ya mwenyewe, na uamuzi uwe wa karani, ambaye kamati yaweza kumwuliza. Mashine haihudhurii mkutano mkuu.

Chama kinachotaka kununua kiombe majaribio kituoni kwake, kwa maziwa yake, kwa majuma kadhaa yakiwamo ya mvua. Siku ya mwisho katibu aandae vyombo thelathini visivyo na majina ila namba, baadhi vikiwa na maziwa yaliyoachwa yachache tangu jana yake, na orodha ifungwe katika bahasha mkononi mwa mjumbe wa kamati. Karani anuse vyote na kuandika. Chombo kinuse vyote na kuandika. Kisha bahasha ifunguliwe mbele ya wanachama na mwuzaji. Kama chombo hakikumshinda karani, kirudi na gari lilelile lililokileta.